Besi ya Kukanyaga

Kazini walimwita Nguzo, na si kwa sababu ya urefu, maana alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na shingo alinyimwa. Walimwita hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa moja: kusimamisha nguzo za mviringo. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akisimika bomba la boksi gumu juu ya nondo, akilikaza kwa mbao pande zote, akimimina zege ndani yake, na baada ya siku chache akilichana kama mtu anayemenya ndizi. Ndani ilibaki nguzo nyororo ambayo ungetamani kuipapasa. Vipande vya mabomba vilivyozidi vilirundikwa nyuma ya ghala, vikinyeshewa, na hakuna aliyevitupia jicho.

Alhamisi moja, saa ya chakula cha mchana, mdogo wake wa kike alimfuata kazini. Alikuwa mwalimu katika shule ya watoto viziwi, naye mwenyewe alikuwa kiziwi tangu akiwa na miaka minne, homa ilipompitia ikaondoka na masikio yake. Nguzo ndiye aliyekuwa wa kwanza nyumbani kwao kujifunza kuongea naye kwa mikono. Mpaka leo vidole vyake, ingawa vilikakamaa kwa saruji, vilikuwa na maneno mengi kuliko mdomo wake.

Mlinzi wa getini alimpa mwalimu kofia ngumu. Aliivaa nyuma mbele, akaja moja kwa moja hadi pale kaka yake alipokaa juu ya mfuko wa saruji.

"Wametukubali," alisema kwa mikono.

"Nani amewakubali?"

"Mashindano ya kucheza, ya shule zote. Huu ni mwaka wa nne naandika barua. Safari hii wamejibu."

"Sasa mbona umenuna kama mtu aliyenyimwa chai?"

Akakaa. Akamweleza. Watoto wake walizoea kucheza kwa ngoma kubwa iliyowekwa chini, mwalimu mmoja akiipiga kwa nguvu, nao wakipokea mdundo kwa nyayo. Lakini kanuni za mashindano zilikataza ngoma. Kila shule ingecheza kwa muziki uliorekodiwa, utakaotoka kwenye spika za ukumbi, na spika za ukumbi zilining'inizwa darini.

"Sauti itapita juu ya vichwa vyao kama ndege," alisema. "Wenzangu shuleni wananiambia tuwafundishe kuhesabu. Mtoto akicheza huku anahesabu, anacheza hesabu."

"Unataka nifanye nini?"

"Wewe ni mjenzi. Nijengee besi ya kukanyaga. Una wiki sita."

Nguzo alitaka kucheka. Akautazama uso wa mdogo wake, kicheko kikarudi kilikotoka.

Jioni hiyo alipita kwa Fundi Redio, rafiki yake wa siku nyingi, aliyekuwa na kibanda kilichojaa vyuma vya redio hadi mteja akawa anahudumiwa akiwa nje. Fundi Redio alikuwa mtu wa maneno. Alimsikiliza Nguzo hadi mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, kisha akaweka pasi ya kulehemu chini.

"Kwa hiyo wewe, mtu wa zege, unataka kuunda sabufa. Kwa ajili ya watu wasiosikia."

"Ndiyo."

"Sawa. Mimi nitaanza kushona viatu vya samaki."

Alipomaliza kucheka alimfafanulia. Besi ni upepo. Spika ikisukuma upepo mbele, inauvuta nyuma, na wa mbele ukikutana na wa nyuma vinauana, hubaki kikohozi tu. Ndiyo maana spika inafungiwa ndani ya kasha. Lakini kasha la besi linasukumwa kutoka ndani, kila ukuta unapigwa, na kama mbao ni nyembamba zinavimba na kutetemeka, nguvu yote inaishia humo humo. Zinatakiwa mbao nzito, zilizokatwa kwa mashine, zenye kona zilizobana kama ngumi.

"Mimi sina mbao hizo," Fundi Redio alisema, "na wewe huna."

Nguzo hakuwa akizifikiria mbao. Alikuwa anafikiria zege bichi, jinsi linavyosukuma kila upande kwa uzito ambao watu wanne hawawezi kuuzuia, na jinsi bomba la boksi linavyosimama pale bila kuvimba hata kidogo, kwa sababu ni duara na msukumo hauna pa kulianzia.

"Kuna kitu kinazuia zege la mita tatu," alisema. "Ni karatasi na gundi. Kikishindana na upepo wa spika yako, nani atashindwa?"

Fundi Redio alifungua mdomo kutoa mzaha mwingine, akaufunga. Akainuka, akaingia nyuma ya kibanda, na kusikika akihamisha vitu. Alirudi na spika nne kubwa za zamani alizozivisha ngozi mpya mwenyewe, na hakueleza alikuwa anazitunzia nini.

Msimamizi wa ujenzi alipoombwa vile vipande vya mabomba alishangaa kwamba kuna mtu anauliza. Nguzo alivibeba hadi nyumbani kwa zamu, kimoja begani kila jioni, na watu barabarani wakamwuliza kama anahama au anazika. Vilikuwa vipana kiasi cha mtoto kujificha ndani, na ndicho mapacha wake walichofanya dakika ileile.

Mke wake alisimama mlangoni akiwa na mwiko mkononi.

"Baba Mapacha, hivi nitavipokea kama wageni au kama samani?"

"Ni vya wifi yako. Vya watoto wake wa shule."

"Kumbe ni vya wifi," alisema, na sauti ikalainika, maana wifi yake ndiye aliyemtunza alipojifungua mapacha. "Basi viingie. Lakini kile kilichoota ukungu kitalala nje."

Bomba la kwanza lilichukua siku nne. Nguzo alikata vifuniko viwili vya mbao vya duara, kila kimoja akakibandika tabaka mbili ili kiwe kinene, akakisugua kwa msasa hadi kikaingia kwenye mdomo wa bomba kwa kupigwapigwa na kiganja. Kifuniko kimoja kilitobolewa tundu kubwa la spika. Kingine kilitobolewa tundu dogo, na hapo akaingiza lile bomba jembamba la boksi linalobaki kitambaa kikiisha dukani. Fundi Redio aliliita koo, kwa sababu ndipo upepo unapopumulia. Ndani walitandaza sufi ya mto mkuukuu. Kila ungio lilipakwa gundi ya mbao iliyochanganywa na unga wa msumeno.

Jumamosi asubuhi wakaliwasha uani. Vifuniko vya sufuria vikalia jikoni. Jirani akachungulia juu ya ukuta. Nguzo alihisi kifua chake kinagongwa kwa ndani, akatabasamu hadi akasahau kufunga mdomo, na Fundi Redio akazunguka lile bomba mara mbili kama mtu anayemtazama ndama wake wa kwanza.

Mdogo wake aliweka kiganja juu ya bomba. Akafumba macho. Akayafumbua.

"Linakohoa," alisema.

"Linakohoa vipi? Sikiliza hiyo—" Nguzo akajikatiza, mikono ikabaki hewani.

Mdogo wake hakukasirika. "Wewe unasikia kelele nyingi na unadhani ni besi," alisema. "Mimi sina cha kunidanganya. Linapiga, halafu linajikuna."

Alianza kupitisha ncha za vidole taratibu kwenye ukingo wa kifuniko, pole pole, pande zote, kama anayetafuta mwisho wa uzi. Alipofika upande wa pili akasimama, akamwita kaka yake kwa kidevu. Nguzo alipiga magoti na kuweka shavu. Palikuwa na ufa mwembamba kuliko unywele, na upepo ulikuwa unatoka kwa mipigo midogo midogo. Yeye na Fundi Redio, wenye masikio manne kwa pamoja, hawakuwa wamesikia kitu.

Wakaziba. Wakawasha tena. Akaweka kiganja.

"Halikohoi. Lakini linapiga hapa." Akagusa koo lake. "Mimi nalitaka hapa." Akagusa tumbo, chini ya kitovu.

Nguzo alitafsiri. Fundi Redio alikuna kichwa, akasema kwamba ukitaka besi ishuke, koo lirefushwe. Ila kwa kiasi gani, hapo inategemea upana wa bomba, na yeye hajawahi kufanya hesabu ya bomba la nguzo. Basi hawakufanya hesabu. Nguzo alikuwa anaongeza koo kwa urefu wa vidole vitatu, wanawasha, mdogo wake anaweka kiganja na kutikisa kichwa. Vidole vitatu tena. Kichwa kinatikiswa. Jua likapanda, mke wa Nguzo akaleta chai, chai ikapoa. Mara ya tano mwalimu hakutikisa kichwa. Aliondoa kiganja, akavua viatu, akasimama pekupeku karibu na bomba, na bega lake la kushoto likaanza kucheza lenyewe.

"Usiguse tena," alisema. Akachukua chaki ya seremala, akaliwekea koo alama.

Mabomba matatu yaliyofuata yalikwenda haraka, na kwa wiki ya tatu yote manne yalikuwa yamepakiwa kwenye pikapu ya kukodi kuelekea shuleni. Nguzo alikaa nyuma nayo, akiyashika kama wazee wanaopelekwa hospitali. Alikuwa na uhakika. Alikwisha kuwaambia hata watu wa kazini.

Ukumbi wa shule ulikuwa mkubwa na safi. Watoto tisa walijipanga katikati wakiwa pekupeku, watano wa kike na wanne wa kiume, mkubwa wao ana miaka kumi na mitatu. Mabomba yakawekwa pembe nne. Muziki ukawashwa. Madirisha yakatetemeka.

Watoto wakatazamana. Mmoja akatazama nyayo zake. Msichana aliyesukwa mistari, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza, alimwuliza mwalimu kama mashine imeshawashwa.

Nguzo akalisogelea bomba la karibu. Akapiga goti, akaweka kiganja chini, kwenye sakafu. Hakuna kitu. Ilikuwa sakafu ya zege, zege zuri, lililomiminwa na mtu anayejua kazi yake, nene na lililotulia kama kaburi. Unaweza kuangushia nyundo upande huu na upande wa pili mtu asijue. Yeye, aliyeishi na zege kuliko alivyoishi na mke wake, alikuwa amesahau kwamba zege halimpishi mtu, wala mdundo.

Mdogo wake akapiga goti kando yake, naye akaweka kiganja sakafuni.

"Nipe siku mbili," alisema Nguzo.

Hakurudi na bomba jipya. Alirudi na mbao za kuzuilia zege bichi, zile pana zilizotumika mpaka zikapauka, na fremu nyepesi ya kuzishikilia, akaunda jukwaa la kimo cha kiuno, lenye ngazi ya kupandia na lililo wazi kwa chini. Kisha akayasimamisha mabomba chini ya jukwaa, juu ya vipande vya matofali ili koo lipate pa kupumulia, spika zikiangalia mbao kwa juu. Ukiligonga lile jukwaa kwa kifundo cha kidole upande mmoja, lilijibu upande wa pili.

Msichana wa mistari ndiye aliyepanda kwanza. Fundi Redio akawasha. Msichana akashuka haraka kama aliyekanyaga maji ya moto, akasimama kwenye zege, akapanda tena, akashuka, akapanda. Alifanya hivyo mara nne. Ya tano hakushuka. Aliwageukia wenzake na kusema kitu kwa mikono kwa kasi ambayo Nguzo hakuweza kuifuata, na wote wanane wakapanda kwa mpigo, wakisukumana.

"Amesema nini?" Nguzo aliuliza.

"Amesema kuna mtu chini anatembea," mdogo wake alijibu, "na anajua pa kwenda."

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyezungumzia tena kuhesabu.

Siku ya mashindano ilikuwa Jumapili, na ukumbi ulijaa tangu asubuhi. Mabomba yalikuwa yamepakwa rangi na watoto, kila moja rangi tatu, na moja lilikuwa na macho. Fundi mitambo wa ukumbi, kijana nadhifu mwenye visikizio shingoni, aliyatazama yanavyoshushwa kutoka kwenye pikapu.

"Haya ni mapipa ya nini?"

"Ni sabufa," alisema Nguzo.

"Za boksi?"

"Za boksi."

Kijana akatabasamu kwa upole, jambo lililomuuma Nguzo kuliko kama angetukanwa. "Mzee, tuna spika kubwa kule juu. Mpya. Hamhitaji kujisumbua."

Nguzo akatafsiri. Mdogo wake akajibu, na Nguzo akasita kabla ya kusema. "Mwalimu anasema spika zako ni nzuri sana kwa watu wanaosikia."

Kijana akawatazama watoto tisa nyuma ya mwalimu, ambao wote walikuwa wanamtazama mdomoni. Uso ukambadilika. Akauliza kanuni zinasemaje. Mwalimu alitoa karatasi ya kanuni kwenye mkoba, imekunjwa hadi imechakaa, akaweka kidole kwenye mstari: muziki uwe uliorekodiwa. Haukusema utokee wapi.

Jukwaa la ukumbi lilikuwa la mbao, na ubavuni palikuwa na mlango mdogo wa kuingilia chini yake. Kijana mwenyewe ndiye aliyewashikia taa. Mabomba yakasimamishwa chini ya jukwaa juu ya matofali yake, yakiangalia juu. Fundi Redio akauunganisha muziki kwa njia mbili, moja ikipanda kwenye mitambo ya ukumbi na nyingine ikiingia kwenye amplifaya yake chakavu aliyoifunga kwa mkanda wa begi.

Shule yao ilikuwa ya saba. Walipotangazwa palipita mnong'ono, ule wa watu wanaojiandaa kuhurumia. Watoto wakajipanga, pekupeku, mikono imeshuka. Mdogo wake Nguzo alisimama chini mbele ya jukwaa, viganja vyote viwili vimekaa kwenye ukingo wa mbao. Nguzo alikuwa ubavuni, karibu na ule mlango mdogo.

Muziki ukaanza, nao wakaanza nao, bila kuchelewa hata kwa upana wa kucha. Watu wakaanza kunyoosha shingo.

Walikuwa wamefika kati, pale wanapovunja mstari na kuwa duara, ndipo kitu kilipopasuka darini kwa mlio mkavu na muziki ukakatika. Sauti ya mwimbaji ikatoweka. Vinanda vikatoweka. Kule kwenye mitambo kijana wa visikizio aliruka na kuanza kuvuta waya.  Nguzo aliiona miaka minne ya kuandika barua ikipotea. Akaugeukia mlango mdogo.

Taa nyekundu ya amplifaya ya Fundi Redio ilikuwa inawaka.

Akageuka tena kwenye jukwaa. Watoto walikuwa wanacheza. Duara lilifungwa, likafunguka, likageuka. Hakuna aliyeangalia pembeni, kwa sababu hakuna kilichotokea. Yule mtu wa chini alikuwa bado anatembea, na wao walikuwa bado wanatembea naye.

Ukumbi ulinyamaza. Kwanza ulikuwa unyamavu wa aibu, kisha ukawa wa namna nyingine, maana sasa kwa kuwa wimbo haukuwapo watu walianza kuisikia ile besi, nzito, iliyotulia, ikipanda kwenye miguu ya viti. Mama mmoja mstari wa mbele aliweka mkono kifuani. Wengine wakaweka viganja kwenye viti vya mbele yao. Nyayo kumi na nane zilipiga mbao kwa pamoja, zikapiga tena, na hapakuwa na kitu kingine ukumbini ila huo mdundo na watoto walioumiliki. Nguzo alitaka kumwita mdogo wake amwambie. Aliona viganja vyake vimetulia pale ukingoni, uso umeng'aa, akaacha.

Wakamaliza kwa pigo la mwisho, wote tisa mguu mmoja hewani, na hakuna aliyeyumba.

Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa kiasi kwamba mwalimu alizipokea kwa viganja, kwenye zile zile mbao, akageuka nyuma kutazama kilichotokea. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama.

Mwamuzi mkuu, bibi mwenye miwani, alishuka hadi walipo. Alimwomba Nguzo amwambie mwalimu kwamba wanasikitika sana, kwamba shule yake inaruhusiwa kurudia mwanzo hadi mwisho mara mitambo itakapotengenezwa, kwa sababu sauti ilikufa katikati.

Nguzo akatafsiri. Mdogo wake akamtazama yeye, akamtazama mwamuzi, akamtazama yeye tena.

"Ilikufa lini?" aliuliza.

Nguzo aliangua kicheko. Alipomweleza, mwalimu alikaa chini hapohapo kwenye kapeti, akacheka kwa ile sauti yake nzito isiyojisikia ambayo Nguzo aliijua tangu wakiwa wadogo, hadi machozi yakamtoka.

"Waambie sisi tumemaliza," alisema.

Shule nne zilibaki, zikacheza, na zilicheza vizuri. Lakini majina yaliposomwa, mwamuzi alianzia nafasi ya tatu, akaja ya pili, na alipofika ya kwanza hakusoma. Aliinua mkono akaelekeza. Watoto tisa walikuwa wameshaanza kukimbia. Walikipokea kikombe, wakashuka nacho, na badala ya kwenda kwenye viti vyao waliingia chini ya jukwaa kwenye ule mlango mdogo, wakalivisha kikombe lile bomba lenye macho, kama kofia. Kijana wa visikizio alikuwa humo tayari, amechuchumaa, anapima koo la bomba kwa kamba ya kiatu chake. Fundi Redio alikuwa anamweleza, kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi hiyo miaka mingi, umuhimu wa unga wa msumeno.

Nje, wakati wa kupakia, mke wa Nguzo alifika na mapacha akamkumbatia wifi yake, wakakaa hivyo muda mrefu bila kuachiana. Nguzo alipanda nyuma ya pikapu kati ya mabomba na watoto. Alitaka kuwapongeza. Akainua mikono, akagundua kwamba katika miaka yote ya kuongea na mdogo wake hakuwahi kujifunza ishara ya ushindi. Akawauliza. Wakamwonyesha wote tisa kwa wakati mmoja, na alipoikosea, msichana wa mistari akamshika vile vidole vilivyokakamaa, kimoja kimoja, akavinyoosha.